Kona Nne za Kanopi

Tulipomzika Baba Njoki mwaka huu kule Isinya, vijana walioshika jeneza walianza kutembea kila mtu kivyake, mmoja akivuta mbele na mwingine akirudi nyuma. Mzee Lemaiyan, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo na hasikii vizuri, aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki akasema kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona, "Kila mtu ashike kona yake. Gichuhi akianguka hapo, ni mimi atalaumu." Mchungaji alikohoa. Tata, mjane mwenyewe, alikuwa ameketi mbele na leso machoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Waombolezaji walimsikitikia sana. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na nilijua anacheka. Nilimtafuta mume wangu, Sironka, kule upande wa wanaume, nikamwona ameinamisha kichwa na kuvitazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu. Umati mzima ule, ni sisi wachache tu tulioelewa mzee alikuwa anaongea juu ya nini. Njiani tukirudi nyumbani watoto wetu walituuliza babu alimaanisha nini. Baba yao akasema, "Muulizeni mama yenu, yeye ndiye mwalimu." Basi naandika.

Ukoo wetu nitauacha, ni mrefu na hauchekeshi. Inatosha kusema kwamba Tata ni dada ya baba yangu, kwamba Baba Njoki, yaani Gichuhi, alikuwa mume wake, na kwamba nilipomaliza chuo cha ualimu nilikaa kwao Kitengela mwaka mzima nikingoja kazi. Kitengela ya wakati huo ilikuwa ploti nyingi na nyumba chache. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulikuwa unang'ang'ania viatu mpaka mtu anatembea kama amevaa tofali. Jua likiwaka, udongo huo huo ulipasuka hadi kuku wakawa wanapotelea kwenye nyufa. Nyumba ya Baba Njoki ilijulikana kwa sababu alianza kujenga gereji kabla ya vyumba vingine vyote. Fundi alimwambia kwamba watu huanza na sebule. Akamjibu kwamba gari huibwa, lakini yeye hajawahi kusikia sebule imeibwa. Wakati huo hata baiskeli hakuwa nayo. Hivyo nyumba ikawa na gereji kubwa ya mawe, yenye boriti nene na mabati mapya, na nyuma yake vyumba vidogo vilivyobanana kama watoto wanaojificha nyuma ya mama yao. Changu kilipakana na gereji. Ukuta haukufika juu kabisa, kwa hiyo kila kitu kilichosemwa huko nilikisikia nikiwa kitandani, pamoja na harufu ya chakula cha kuku.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu, na lilikuwa la watu wawili. Baba Njoki alifuga kuku wa mayai. Jirani yake, Mzee Lemaiyan, alikuwa na mbuzi na ng'ombe ng'ambo ya korongo, na nyumba yake ndiyo pekee iliyokuwa karibu. Hakuna aliyeweza kununua gari peke yake, kwa hiyo wakanunua pamoja, na kila mtu akawa na siku zake. Kulikuwa na tatizo moja. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kanopi, ile nyumba nyeupe ya faibaglasi inayofunika sehemu ya mizigo, yenye madirisha meusi ubavuni na mlango wa kioo nyuma. Mayai yanataka kanopi, maana jua, vumbi na mvua ni maadui wa mayai. Nyasi hazitaki kanopi, kwa kuwa mtu hupakia nyasi mpaka zipite urefu wa nyumba. Mbuzi nao, kwa maelezo ya Mzee Lemaiyan, walitaka kuona wanakopelekwa. Kwa hiyo kila siku ya gari ilipobadilika, kanopi ilitolewa na kuwekwa gerejini juu ya matairi makuukuu, kisha ikarudishwa.

Kuitoa kulihitaji watu wanne, mmoja kila kona. Baba Njoki alishika mbele kulia, Mzee Lemaiyan mbele kushoto, nyuma tukashika mimi na Sironka, mtoto wa Mzee Lemaiyan, ambaye alikuwa amerudi nyumbani kutoka chuo cha mifugo. Tata alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akitoa amri. "Inueni. Polepole. Wambui, kunja magoti, si mgongo. Baba Njoki, unaenda wapi na hiyo kitu? Nyuma ni huku." Tuliinua, tukarudi nyuma kwa hatua za bata, tukaishusha, na baadaye tukanywa chai hapo hapo gerejini, tukikalia magunia ya chakula cha kuku. Maziwa yalitoka kwa Mzee Lemaiyan, na mayai ya kuchemsha kwa Tata. Kati yangu na Sironka kulikuwa na mlango wa kioo cheusi, na nilichoona kwake ni paji la uso na vidole. Aliniuliza, "Uko sawa?" Nikamjibu, "Niko sawa." Kwa miezi mingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Sasa hivi ninaishi na mtu huyu, na bado si msemaji sana, lakini wakati ule nilidhani labda hayo ndiyo maneno pekee ya Kiswahili aliyokuwa nayo.

Halafu kanopi ikaanguka. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua la kiangazi limeshaanza kuchoma. Tulikuwa tumeshaivua garini, na matairi yalikuwa hapo karibu, wakati sehemu ya mbele ilipoenda chini ghafla kama ng'ombe anayepiga magoti. Ilitua kwenye sakafu ya simenti kwa mlio ambao ulitawanya kuku wote. Dirisha moja la ubavuni likavunjika, na ufa ukapanda kutoka kona mpaka karibu juu. Mimi na Sironka tulibaki tumeshikilia upande wetu. Wazee wawili walitazamana.

"Umeachilia," alisema Baba Njoki.

"Wewe ndio umeachilia," alisema Mzee Lemaiyan. "Mimi niliona mkono wako."

"Mkono wangu uliona wako ukitoka."

Nilidhani wataishia hapo, kama walivyoishia kila mara walipobishana kuhusu mafuta au tairi. Lakini Mzee Lemaiyan alichukua fimbo yake ya kuchungia na koti, akaondoka bila kunywa chai, na hilo halikuwa limewahi kutokea. Tata aliitazama ile birika iliyojaa akasema, "Leo kumeharibika."

Wiki zilizofuata ndizo zilizonifundisha jinsi wanaume wazima wanavyogombana. Hawakupigana wala kutukanana. Waliacha tu kusemezana, na kwa kuwa walikuwa na gari moja, mtu alipaswa kubeba maneno. Mtu huyo alikuwa mimi. Walisimama kwenye lango moja, bega kwa bega karibu, na Baba Njoki akaniambia, "Wambui, mwambie huyo mzee tairi ya nyuma inataka upepo." Kabla sijageuka, Mzee Lemaiyan, ambaye aliniita mtoto kwa Kimaasai, naye akasema, "Nkerai, mwambie huyo mwenye kuku nimesikia." Jioni, nikiwa kitandani, nilimsikia Baba Njoki gerejini akimweleza Tata kesi yake upya, kila siku ikiwa na ushahidi mpya. Tata alimjibu kwa sauti ya mtu anayechambua mboga. "Na kama ni wewe uliachilia?" Baba Njoki akasema, "Siwezi kuachilia. Mimi najua mkono wangu." Cha ajabu ni kwamba maziwa hayakukatika. Kila asubuhi Sironka alileta kibuyu, na Tata akamrudisha na mayai. Baba Njoki alipomwuliza kwa nini anapokea maziwa ya mtu ambaye hawasemezani naye, Tata alimwambia yeye hajagombana na ng'ombe.

Kanopi ilibaki pale ilipoangukia, katikati ya gereji. Baba Njoki alibandika plastiki kwenye dirisha lililovunjika, basi. Pikapu ililala nje. Mayai yalipelekwa yakiwa yamefunikwa kwa maturubai, na mengine yalirudi yamechemkia njiani, au ndivyo wateja walivyodai. Kuku watatu wa Tata waliingia kwenye kanopi wakaanza kutaga humo. Akina mama wa kanisa, ambao walikutana kwetu siku za Alhamisi, walizoea kuitandikia kitambaa na kupanga juu yake vikombe na mandazi. Mmoja wao aliomba Mungu aipatanishe nyumba hii na majirani zake, akaipiga kanopi kofi kidogo alipofika kwenye amina. Nilianza kuogopa jambo ambalo Tata pia aliliogopa, ingawa hakulisema: kwamba wazee hao watauza gari, wagawane, na njia ya kuvuka korongo iote nyasi. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada ya kuipenda njia hiyo, na sababu hiyo ilikuja kila asubuhi na kibuyu.

Badala ya kuuza, Baba Njoki alipata wazo. Alirudi kutoka Kajiado mjini na kamba nene na puli mbili, zile za kuvutia ndoo kisimani. Alifunga puli hizo kwenye boriti za gereji, moja mbele na moja nyuma, akapitisha kamba chini ya kanopi. Kuanzia leo, alitangaza, kanopi itakaa juu hewani kama taa ya kanisa, gari litaingia chini yake, kanopi itashushwa, na hakuna haja ya kuomba mtu yeyote ashike kona yoyote. Kusema kweli, ilifanya kazi. Tulivuta, boriti zikalia kidogo, kanopi ikapanda, na kuku mmoja aliyekuwa bado ndani akapanda nayo. Baba Njoki aliweka kiti chake chini ya kanopi akanywa chai akiwa ameinua macho, kama mtu anayeangalia nyota. Nilimwona Mzee Lemaiyan ng'ambo ya korongo amesimama akitazama, na nilipopunga mkono alijifanya anaangalia mbuzi.

Kushusha ndiko kulikokuwa bado hakujajaribiwa.

Siku ya kujaribu ilikuja wakati hoteli moja ya Kajiado ilipoagiza mayai mengi kwa ajili ya harusi, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa vilima vya Ngong baada ya kiangazi kirefu. Baba Njoki alirudisha gari kinyumenyume ndani ya gereji, mpaka karibu na ukuta wa nyuma, chini ya kanopi. Alimpa Tata kamba ya mbele na mimi kamba ya nyuma. Yeye mwenyewe akapanda nyuma ya pikapu, akachuchumaa, ili aone kutoka ndani kama kanopi inakaa vizuri kwenye kingo. "Leteni," alisema. Tulileta. Ilishuka vizuri mpaka ikawa juu kidogo tu ya kichwa chake, halafu kamba ya Tata ikachomoka kwenye gurudumu la puli na kunasa ubavuni. Upande wa mbele ulikwama na upande wangu ukaendelea. Kanopi iliinama, ikateleza kurudi nyuma, ikajibana kati ya ukuta na boksi la gari, ikatulia. Kisha sauti ya Baba Njoki ikatoka ndani, nzito kama ya mtu aliye kwenye pipa.

"Imekaa?"

"Imekukalia," alisema Tata.

Tulijaribu kila kitu. Mlango wa kioo haukufunguka kwa sababu ya ukuta. Madirisha ya ubavuni yalikuwa ya kupitisha mkono, si mtu. Gari halikuweza kusogezwa mbele, maana kamba zilikuwa zimefunga kanopi kwenye boriti, na mtu angelisogeza angelishusha paa. Isitoshe, kati yangu na Tata hakuna aliyejua kuendesha. Kukata kamba pia kulikataliwa, kwani upande wa mbele ungemwangukia. Tulijaribu kuinua sisi wawili, ikatikisika kidogo na kurudi. Baba Njoki alisukuma kwa mgongo kutoka ndani, kisha akatoa mlio mfupi na hakusukuma tena.

"Naenda kumwita Mzee Lemaiyan," nilisema.

"Usiite mtu," ilisema kanopi.

Tata aliinama kwenye dirisha lenye plastiki, akaifunua. "Baba Njoki, hapo ndani uko na maji?"

"Hapana."

"Uko na choo?"

Kanopi ilifikiri. "Wambui," ilisema, "mwambie huyo mzee, kama ana nafasi, anaweza kupita."

Nilivuka korongo nikikimbia. Mzee Lemaiyan alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake na Sironka, wakimpa ndama dawa. Nilipoinamisha kichwa kumwamkia, alinigusa utosini kama kawaida, akanisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. "Yuko ndani?" aliuliza. Nikamwambia yuko ndani. "Na mlango haufunguki?" Haufunguki. Aliinuka, akaingia nyumbani, akatoka amevaa koti lake zuri la kuendea mikutano. Sironka alikuwa ameuma mdomo wake wa chini. Tulipokuwa tukishuka korongo alinishika kiwiko mahali penye mawe, na aliendelea kukishika hata mawe yalipokwisha.

Gerejini, Mzee Lemaiyan hakugusa kitu. Alizunguka gari taratibu, akatazama puli, akatazama kamba, kisha akavuta gunia la chakula cha kuku akakaa kando ya dirisha lililo wazi. "Nkerai," aliniambia, "mwulize huyo mwenye kuku, hii kitu aliifunga yeye mwenyewe?"

Nilianza kuuliza. "Amesikia," alisema Baba Njoki. "Mwambie ndio."

"Mwambie ni kazi nzuri. Imeshika sana."

Tata alikuwa amewachoka. Alirudi jikoni, na nilidhani amekasirika, lakini alitoka na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyokuwa yakichemka tangu asubuhi. Alimpa Mzee Lemaiyan sahani yake, akampitishia mumewe yake dirishani, akaweka mwiko chini. "Wambui hatasema tena neno la mtu," alisema. "Mdomo wake nimeufunga. Mkitaka kuongea, ongeeni. Mkinyamaza, mtalala hapo, mmoja ndani na mmoja nje." Wote wawili wakaanza kula. Sijui kilichowafungua ni githeri, au ni ile hali ya kula karibu hivyo na mtu bila kuonana naye usoni. Mzee Lemaiyan ndiye aliyeanza, na aliongea akiitazama sahani.

"Gichuhi. Huu mkono wangu wa kushoto haupandi."

"Haupandi vipi?"

"Tangu kabla ya kiangazi. Ukifika hapa kwa bega, unakataa. Siku ile niliachilia. Sikutaka huyu kijana aone."

Sironka alikuwa amesimama kando yangu. Aligeuza uso kuelekea ukutani. Ndani ya kanopi, kijiko kilitulia.

"Lemaiyan," sauti ilisema, "hata mimi niliachilia. Mgongo ulinikata. Nilifikiri wewe umeshika, kwa hivyo haitaanguka."

"Mimi pia nilifikiri wewe umeshika."

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu urafiki tangu siku hiyo, na hakuna hata moja linalokaribia mazungumzo haya. Wanaume wawili walikuwa wamenuniana kiangazi kizima, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa jambo ambalo alijua amelifanya mwenyewe, kwa sababu ilikuwa rahisi kuitwa mgomvi kuliko kuitwa mzee. Wakati ule, hata hivyo, sikufikiri hayo. Nilimwona tu Tata akiketi polepole juu ya jiwe na kuanza kucheka, kicheko kile cha mabega, kisha Mzee Lemaiyan akaanza, kisha kanopi yenyewe ikawa inacheka na kutikisika kwenye kamba zake, mpaka Sironka akasema kwa wasiwasi, "Mzee, usicheke sana hapo ndani, itashuka."

Kumtoa hakukuchukua muda. Tata alijifunga leso kiunoni, akashika kamba ya mbele pamoja na Mzee Lemaiyan, ambaye alivuta kwa mkono wa kulia. Mimi na Sironka tulishika kona zetu za nyuma. Tuliinua, na Baba Njoki akatoka kwa ubavu, magoti kwanza, na punje za mahindi kwenye shati. Alijikung'uta. Mzee Lemaiyan alimtazama kutoka juu hadi chini akasema, "Kesho ni siku yangu. Nakupatia. Peleka mayai." Baba Njoki akamjibu, "Basi mbuzi wako waende na mayai. Kanopi isitoke tena." Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo kanopi ilikaa kwenye gari, mbuzi wakasafiri chini yake wakiangalia nje kwa madirisha, na hoteli ya Kajiado ikalalamika mara kwa mara kwamba mayai yananuka beberu. Nyasi zililetwa kwa mkokoteni.

Lakini wakati huo kanopi ilikuwa bado hewani. Upande wa mbele ulifungwa kwa kamba ambayo sasa hakuna aliyeiamini, na upande wa nyuma ulikuwa mikononi mwetu, mimi huku na yeye kule. "Shikilieni hapo kidogo," alisema Baba Njoki, "tulete matairi tuwekee chini." Wazee walitoka kutafuta matairi. Njia ya matairi ilipita jikoni. Jikoni kulikuwa na chai, na walikuwa na maneno ya kiangazi kizima ya kumalizia. Tulisikia viti vikivutwa. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati yale mapya, mvua ya kwanza baada ya miezi, na hatukusikia kitu kingine tena. Tuliita, hakuna aliyejibu. Niliona paji lake la uso juu ya kioo, na vidole vyake.

Akasema kitu. Alinyoosha shingo juu ya kioo, nikaona midomo tu ikitembea.

"Nini?" nilipaza sauti.

Mtu huyu ambaye hata salamu huisema chini chini alivuta pumzi akapaza sauti, na shingo yake ikatoka mishipa. Alisema asingependa nipate kazi mbali. Kama nitapata kazi mbali, alisema, yeye atatafuta kazi ya mifugo huko huko, kwa sababu mifugo iko kila mahali. Na kama sina neno, atamwambia baba yake aje kuongea na Baba Njoki, sasa kwa kuwa wanaongea.

"Sikusikii," nilimwambia.

Akarudia yote, kutoka mwanzo, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mikono ilikuwa inaniuma mpaka kwenye mabega. Nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba mvua ni kubwa. Akarudia tena.

Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza.